Bango la Komanda Radi

Inspekta Philomène alilitandika bango sakafuni, akavua viatu, akaanza kulipitia kwa magoti. Lilikuwa karatasi nyeupe, nene, pana kama mkeka na ndefu kuliko vitanda viwili. Herufi nyeusi za ukubwa wa sahani zilisema:

KARIBU KOMANDA RADI NA VIJANA WAKE WOTE.
KINDU INAKUNGOJA.
KWA HABARI: PHONIE, CHANELI YA NNE.

Maneno hayo ndiyo yaliyofunga soko la Kasuku Jumatatu asubuhi. Ilipofika saa tatu hapakuwa na punje ya chumvi dukani, maana watu wa Kindu wakisikia harufu ya vita hununua chumvi kwanza, halafu ndipo huuliza nani anakuja. Waendesha pikipiki walikimbilia ng'ambo ya Lualaba wakiwa na abiria ambao hawakuwa wanakwenda huko. Mwalimu mkuu mmoja aliwapa watoto ruhusa ya siku tatu, na sasa alikuwa anakana.

"Unatafuta nini chini pale, Inspé?" aliuliza Chef Ferdinand.

Chef Ferdinand alikuwa mkubwa wa usalama wa mji. Alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, na kesi hii aliihesabu imekwisha. Kindu nzima ilikuwa na mashini moja tu yenye kuchapa karatasi pana namna hii, ile ya karakana ya Octave, na mtu mmoja tu aliyejua kuigusa: Arielle, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa mahabusu tangu jana.

"Saa tisa ndege inaruka kwenda Kinshasa," alisema Ferdinand. "Mutoto atakuwa ndani. Wewe nipe tu ripoti yenye saini."

"Akifika Kinshasa atarudi lini?"

"Wanaoenda kwa kesi ya uasi hawakatiwi tiketi ya kurudi."

Ilikuwa saa nne. Philomène alirudi kwenye karatasi. Upande wa juu haukuwa na kitu. Upande wa chini, chini kabisa ya neno PHONIE, palikuwa na matundu manne ya misumari.

"Chef, bango lilitundikwa maneno yakiwa kichwa juu ao kichwa chini?"

"Kichwa chini. Njo alama yao ya siri."

"Siri, kwenye karatasi ya mita ine, katikati ya soko?"

"Waasi wako na akili."

"Na hii phonie, redio ya kuitana ya zamani? Leo kila muntu iko na simu mukononi. Mara ya mwisho nilipanga mustari kwenye phonie nilikuwa mutoto wa shule, nikisalimia baba yangu kule Kibombo, na mustari mzima ukisikia habari za nyumbani kwetu."

"Wanakwepa simu. Simu inasikilizwa." Ferdinand alitaka kuongeza kwamba yeye ndiye anayezisikiliza, akarekebisha miwani.

"Komanda Radi mwenyewe alikufa. Walimzika mwaka wa elfu mbili na nne. Watu walikula wali siku tatu."

"Waasi hawafi, Inspé. Wanajificha."

Philomène akavaa viatu vyake.

*

Bango lilikutwa kwenye malewa ya Mama Mwanahamisi, kibanda cha mbao cha soko la Kasuku kilichotazamana na karakana ya Octave, ambako watu walikula samaki na sombe ya majani ya muhogo tangu asubuhi. Mwenyewe alikuwa nyuma, anageuza samaki, na hakuinua uso.

"Umeniletea pazia langu?"

"Bado, mama."

"Basi umekuja kufanya nini? Jua inapiga wateja wangu mu macho, wanakula wamekunja uso, mupita njia anafikiri samaki imeoza. Jana askari nane wamekuja. Wamechukua pazia, wamekula samaki nane, wameniita muasi. Muasi anapika samaki, dada yangu?"

"Nani alikupa ile karatasi?"

"Mungu."

"Alipitia wapi?"

"Mu dirisha ya Octave."

Philomène akavuta kigoda, akakaa. Mwanahamisi alimtazama sasa, akaona huyu hakuja kula bure, akafuta mikono.

"Siku ya Mungu, saa sita hivi. Nyinyi Wakristo wote mulikuwa kanisani, barabara tupu, nikabaki mimi na samaki wangu. Mara ile taa ya Octave inawaka. Nikasema, aa, courant imerudi. Halafu nikasikia ndani zii, zaa, zii, zaa, kama muntu anasugua sakafu na ufagio. Karatasi ikaanza kutoka katikati ya vyuma vya dirisha. Taratibu! Kama ulimi wa ng'ombe. Nikaingoja. Ikamaliza, ikajikata yenyewe, ikaanguka barazani. Courant ikaenda."

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga hodi. Mara tatu. Mashini haikujibu. Sasa karatasi imetoka yenyewe, imejikata yenyewe, imelala njiani. Kwetu kintu ya njiani ni ya mwenye kuinama."

"Hukusoma maneno?"

"Mimi nilisomea Korani kwa mwalimu. Zile herufi zenu mimi na zenyewe hatujuani. Nilipiga misumari upande uliokuwa mukononi, nikarudi kwa samaki. Wateja walikula hapo siku mzima, hakuna aliyesema kintu. Muntu mwenye njaa hasomi."

Philomène aliandika yote, akayasoma kwa sauti, na Mwanahamisi akatia dole gumba lake, lililoacha alama nzuri kwa sababu ya mafuta ya samaki.

*

Kufika saa sita walikuwa wote ndani ya karakana: Philomène, Chef Ferdinand, maajenti wake wawili, na Arielle mwenye pingu, amekalishwa juu ya kreti ya bia. Octave mwenyewe alikuwa Goma kununua bidhaa, na tangu asikie habari simu yake haikupatikana tena.

Mashini ilijaza nusu ya chumba. Ilikuwa na mwili mrefu kama jeneza la mtu mwenye cheo, miguu ya magurudumu, na mdomo uliotazama dirishani. Ililetwa Kindu wakati wa vita kuchora ramani, na kila aliyeushika mji aliishika nayo. Vita vilipokwisha ikafungiwa stoo miaka ishirini, mpaka Octave alipoinunua kwa bei ya mabati. Arielle aliajiriwa kufagia na kutoa fotokopi. Hakuna aliyemwambia aifufue.

"Nani aliacha mashini wazi siku ya Mungu?" aliuliza Philomène.

"Ni mimi, Mama Inspé."

"Ameungama!" alisema Ferdinand. "Andika."

"Juu ya nini uliacha?"

"Courant haikuwa. Nani anazima kintu wakati courant haiko? Utajuaje kama imerudi?"

Philomène aliandika jibu hilo. Swichi ya taa nyumbani kwake ilikuwa haijazimwa tangu Pasaka. Ajenti mmoja alitikisa kichwa kukubali, akaona jicho la mkubwa wake, akakituliza.

"Jumamosi nilikuwa nimeweka rulo mpya ya karatasi," Arielle aliendelea. "Miezi tano nimeisafisha. Nilitaka kuijaribu, taa ikaenda. Nikafunga mulango, nikaenda kwetu. Siku ya Mungu nilikuwa kwenye kwaya, watu mia mbili wameniona. Mashini iko na kumbukumbu yake ndani, Mama. Kazi waliyoituma zamani na haikuchapwa, inaishika. Ikipata courant, na karatasi, na wino, inamalizia deni yake."

"Uongo," alisema Ferdinand. "Chombo hakikumbuki. Na daftari yake tumeikamata. Sikiliza." Akafungua daftari la shule lenye jalada la bluu, akasoma kwa sauti ya mahakama: "'Tarehe tatu: nimefungua mulango ya kushoto. Mende kumi na mbili. Tarehe ine: mende saba.' Hiyo ni hesabu ya askari wao, na mahali walipoingia."

"Hiyo ni mende, Chef," alisema Arielle.

"'Tarehe tisa: nimepangusa mafuta ya mawese yote kwenye njia. Panya amekasirika.' Panya ni nani?"

"Panya, Chef. Wakati wa vita walikuwa wanapaka reli mafuta ya mawese juu ya iteleze. Njo panya wakajenga ndani."

"'Tarehe kumi na ine: kichwa nyeusi amezinduka. Kichwa nyekundu amekufa. Bluu anapumua kidogo.'" Ferdinand alifunga daftari taratibu. "Inspé, huyu mutoto anatuletea orodha ya maiti."

Philomène alilichukua daftari, akalisoma kurasa tatu amesimama. Kila ukurasa ulikuwa na mchoro wa kipande kimoja cha mashini, kimepimwa kwa vidole, na chini yake jambo moja lililojaribiwa na jibu lake. *Mafuta ya cherehani: tone moja. Matone mawili: anapiga kelele. Maji ya bomba: anakataa. Maji ya kuchemsha, yamepoa: anakubali.* Maajenti wake wa upelelezi hawakuwahi kumwandikia ripoti namna hiyo.

"Njia ni moja," alisema. "Tuiwashe. Kompyuta ya Octave mumeichukua, iko bureau kwenu, si ndiyo? Basi mashini iko peke yake. Ikichapa kintu bila kutumwa na muntu, mutoto amesema kweli. Ikinyamaza, nitatia saini."

Ferdinand alitazama saa yake. "Sawa. Lakini mshukiwa hagusi ushahidi."

"Basi nani ataigusa?"

"Wewe."

Ndivyo Inspekta Philomène, ambaye hata saa ya ukutani aliwekewa na mumewe, alivyoingia katika ufundi wa mashini.

"Kwanza fungua mulango ya kulia," alisema Arielle kutoka kwenye kreti. "Taratibu, Mama. Iko muntu mukubwa, unamupigia hodi. Unaona vichwa ine vya wino?"

"Naona vitatu."

"Cha ine kiko wapi?"

Ajenti mmoja alikohoa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo cheusi chenye madoa. "Tulitafuta kama ndani kuna barua," alisema.

Arielle alifumba macho kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake ameanguka. "Siku mbili mu mufuko! Njo kile cheusi. Kikikaa nje ya nyumba yake kinakauka. Bon. Maji ya moto iko kwa Mama Mwanahamisi. Lete na kipande cha kitenge ya zamani, ile imefuliwa mpaka haina tena nyuzi za kuachia."

Maji yalikuja, pamoja na Mwanahamisi mwenyewe, aliyesimama mlangoni kulinda sufuria yake. Kitenge hakikupatikana. Philomène akatazama huku na huku, akachana pindo la kitambaa chake cha kichwani, akalilowesha.

"Kiweke juu ya kitambaa. Usisugue! Ngoja. Hesabu mia moja. Inua. Unaona nini?"

"Hakuna."

"Rudisha. Mia ingine."

Waliihesabu mia hiyo mara sita. Ferdinand alikwenda nje, akapiga simu, akarudi. Alisema ndege imekwisha kutua. Mara ya saba kitambaa kilionyesha doa la kijivu. Mara ya tisa likawa jeusi, na pembeni yake michirizi midogo iliyopangana kama meno ya kitana.

"Amezinduka!" Mwanahamisi alipiga kigelegele.

"Kirudishe mu nyumba yake. Bado kulisha karatasi," alisema Arielle, ambaye hakucheka. "Hapa njo watu wengi wanashindwa. Ukiipindisha kidogo tu, anakataa."

Philomène aliipindisha. Mashini, iliyowashwa sasa kwa jenereta ya ofisi ya usalama, ilivuta karatasi, ikaionja, ikaitema. Kwenye kioo chake kidogo ikaandika kwa Kifaransa kwamba karatasi haikunyooka. Alirudia. Ikatema. Ferdinand, ambaye wakati wote alikuwa amesimama kando, alishindwa kuvumilia, akaishika upande wa pili mwenyewe. Ikatema kwa nguvu zaidi.

"Munashindana nayo," alisema Arielle. "Chef, wewe unavuta. Mama Inspé, wewe unasukuma. Mwachie mwenyewe achukue. Wekeni tu mdomoni, halafu mikono juu."

Ikawa Chef Ferdinand wa usalama na Inspekta Philomène wa upelelezi wamesimama mbele ya mashini, mikono juu, na msichana mwenye pingu amekaa nyuma yao. Mashini iliionja karatasi. Ikanyamaza. Ikaimeza.

Kwenye kioo yakatokea maneno: *Kazi moja inangoja.*

"Iliyotumwa lini?" aliuliza Philomène.

"Haisemi," alijibu Arielle. "Lakini yenyewe hiyo haikutumwa na mimi. Bonyeza ile ya kijani."

Akabonyeza. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Zii, zaa. Kichwa kilikwenda kushoto, kikarudi kulia. Ukingo mweupe ukatoka mdomoni mwa mashini, halafu mstari mweusi, halafu mwingine. Haikuwa maandishi matupu. Ilikuwa picha. Rangi nyekundu ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila kitu kilikuja kikiwa cheusi na bluu.

"Kofia," alisema ajenti wa kwanza.

Ilikuwa kofia ya jeshi, imelazwa upande wa kuume. Chini yake likaja paji la uso, pana, la bluu. Juu ya nyusi ya kushoto kovu lilianza kuchorwa, likaendelea, likapinda kama ndoano.

Ajenti wa pili alitazama kovu kwenye karatasi. Kisha akatazama juu ya miwani ya mkubwa wake, penye ndoano ileile. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya, akaipigia karatasi saluti.

"Mimi wakati wa vita nilikuwa Kinshasa," alisema Ferdinand. "Nilikuwa nasoma."

"Hakuna aliyeuliza, Chef," alisema Philomène.

Zii, zaa. Macho yakatoka, makubwa, ya kijana. Zii, zaa. Pua ikaanza. Juu kabisa ya karatasi herufi za kwanza zilikuwa zimekwisha pita nje, KARIBU LIEUTENANT, na zilizobaki zilifunikwa na vyuma vya dirisha. Mwanahamisi alitoka barazani ili azione vizuri, akasahau kwamba hajui kusoma.

Chef Ferdinand aliurukia waya, akaung'oa kwenye jenereta.

Kichwa kikasimama. Nusu ya mtu ilining'inia mdomoni mwa mashini, tangu kofia mpaka puani.

"Imekwama?" aliuliza Ferdinand. Jasho lilikuwa limeteremka mpaka kwenye kovu.

"Haijakwama," alisema Arielle. "Courant ikirudi, itaanza tena toka mwanzo. Haisahau."

"Basi tumeona. Mashini inachapa yenyewe. Kazi ya zamani, ya... ya watu wa zamani. Inspé, si tumeona?"

"Tumeona, Chef."

"Mufungulieni. Mutoto aende kwao."

Ajenti alifungua pingu. Arielle alisugua mikono yake, lakini hakuinuka. Alimtazama Philomène.

"Kwa maneno matupu hawezi kwenda," alisema Philomène. "Kesho ajenti mwingine atamukuta njiani, atamukamata tena, na wewe utakuwa safarini, mu mission. Anahitaji karatasi ya kuachiwa, yenye saini yako na muhuri."

"Karatasi iko bureau."

"Bureau ni mbali, na watu wanajaa barazani." Ilikuwa kweli: kigelegele cha Mwanahamisi kilikuwa kimewaleta wateja wake wote, wengine na sahani mkononi. "Hapa kuna karatasi."

Alichukua wembe wa Octave, akakata karatasi karibu na mdomo wa mashini, akaigeuza upande mweupe, akaitandika mezani. Akaandika bila haraka: kwamba Arielle hakuchapa bango la Komanda Radi, kwamba mashini ililichapa yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu ya vita, kwamba kesi imefungwa na mtu yeyote asimsumbue tena, yeye wala chombo chake cha kazi. Ferdinand alisoma mistari miwili, akasikia barazani mtu anauliza "Ni picha ya nani?", akatia saini. Muhuri haukumtoka mfukoni hata siku moja. Akaupiga kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

"Sasa nipe ile picha," alisema.

"Picha gani, Chef?"

"Ile... hii."

"Hii ni karatasi ya kuachiwa. Iko na saini ya mukubwa na muhuri ya serikali. Kuichana ni kosa." Philomène akamkabidhi Arielle karatasi kwa mikono miwili. "Uiweke vizuri, mwanangu. Yeyote akikuuliza, umuonyeshe. Pande zote mbili."

Ferdinand alikuwa amekwisha fika mlangoni, akiwasukuma maajenti mbele yake, wakati Arielle, aliyekuwa akiisoma karatasi polepole kwa kidole, neno baada ya neno, kama alivyosoma kila kitu cha mashini ile, alipoinua kichwa.

"Chef! Umesahau tarehe."

Chef Ferdinand akarudi. Watu wa barazani walimpisha. Aliinama juu ya meza, akatafuta nafasi chini ya muhuri, akaandika tarehe, na kwa kuwa karatasi ilikuwa inajikunja, ilimbidi aishikilie kwa mkono wa kushoto, kiganja juu ya pua yake mwenyewe iliyochapwa upande wa pili.